Chumba Baridi cha Akina Threlfall

Kila alipoingia nyumbani kwa mtu, kabla hajavua kofia, Wilf Uttley aligusa rejeta, lile bamba la chuma la ukutani linalopita maji ya moto ili kupasha chumba joto. Hakuigusa kwa kiganja bali kwa mgongo wa mkono, kwanza chini karibu na sakafu, kisha juu. Alifanya hivyo kwa daktari. Alifanya hivyo kanisani siku mpwa wake alipofunga ndoa. Na siku ya maziko ya Edwin Threlfall, rafiki yake wa miaka arobaini, Gaynor binti Edwin alimwona ameinama pembeni ya ukumbi watu wakigawiwa chai, mgongo wa mkono wake umetulia kwenye chuma cheupe cha ukutani. Alipogundua ameonekana alisema, "Juu moto, chini baridi. Imejaa tope hii," kisha akatoa leso akajifuta macho. Baadaye alistaafu ufundi bomba, lakini mkono ule haukustaafu.

Katika mji wote wa Colne, kati ya rejeta alizozifunga mwenyewe, ilikuwapo moja ambayo hakuwahi kuirudia. Ilikuwa katika chumba cha mbele cha Edwin huyo huyo. Si kwamba aliikwepa. Katika nyumba zile za mawe zilizoshikana mabega kuteremka kilima, rafiki huingia kwa mlango wa nyuma na kuketi jikoni. Chumba cha mbele ni cha kasisi, cha daktari, na cha piano isiyopigwa. Kila Ijumaa, miaka nenda miaka rudi, Wilf alipita uani, akagonga kioo cha jikoni kwa funguo zake, akacheza domino na Edwin, akala pai ya nyama na viazi iliyopikwa na Muriel, mke wa Edwin, akaondoka kwa njia aliyojia. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa umefungwa daima.

Gaynor alikulia katika nyumba hiyo akikiita chumba baridi, kama wengine wanavyosema chumba cha juu au chumba cha wageni. Baba yake alikuwa akipiga tarumbeta katika bendi ya kiwanda, na Jumapili alifanya mazoezi humo akiwa amevaa koti zito na glavu zilizokatwa vidole. Gaynor mwenyewe alijisomea humo kwa ajili ya mitihani, blanketi magotini, akipuliza kalamu ili wino ushuke. Aliwahi kuuliza mara moja kwa nini rejeta ya humo haipati moto kama za vyumba vingine.

"Kinatazama kaskazini, mwanangu," baba yake alimwambia. "Upepo wa nyikani unakijua kwa jina."

Basi ikawa hivyo. Mtoto haiulizi sana nyumba aliyozaliwa kwa nini iko jinsi ilivyo. Alikwenda chuo kikuu, akawa mwalimu, akapanga nyumba yake mji wa jirani, na kila alipokuja kuwasalimu wazazi alikaa jikoni kama watu wengine.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2016, Edwin akiwa amekwishafariki miaka tisa, Muriel alianguka ngazini akavunjika nyonga. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Mfupa uliungwa hospitalini, lakini mapafu yake yalikuwa dhaifu, na daktari alisema ngazi hatazipanda tena. Akirudi nyumbani atalala chini, na chini kulikuwa na jiko na chumba baridi.

Mwanamke wa halmashauri, Bi. Nasreen Akhtar, alikuja na kipimajoto chake, akakiweka juu ya piano, akanywa chai kusubiri. Kikasoma nyuzi kumi na tatu.

"Siwezi kumruhusu mama arudi hapa," alisema kwa upole. "Nataka ishirini na moja, mchana na usiku. Na moto wa wazi hautakiwi, wala hita ya umeme yenye nyaya nyekundu. Atakuwa anapumulia oksijeni ya mtungi, cheche moja tu nyumba italipuka."

"Nikiitengeneza rejeta?"

"Nitarudi Alhamisi. Ikishindikana, kuna kitanda kwenye makao ya wazee kule Skipton. Kitanda kimoja tu, dada, na kinasubiriwa na wengi. Siwezi kukishikilia kwa zaidi ya hapo."

Muriel alipoambiwa habari ya Skipton aligeuzia uso ukutani. "Nilimzaa mtoto mmoja," alisema, "na huyo mmoja atanipeleka nikafie kwa watu nisiowajua." Gaynor aliendesha gari kurudi Colne akiwa na jambo hilo moja kifuani: Alhamisi, nyuzi ishirini na moja.

Mafundi aliowapigia simu walimcheka bila kumcheka. Baridi ya kwanza ilikuwa imeshaingia, kila boila bovu la kuchemshia maji ya rejeta katika bonde lile lilikuwa limejitangaza, na wa karibu kabisa alikuwa na nafasi baada ya wiki tatu. Ndipo alipompigia Wilf, mzee wa miaka sabini na sita.

Alikuja Jumanne asubuhi, akagonga kioo cha jikoni kwa funguo.

"Anko Wilf, leo kazi iko mbele."

"Mbele? Kafa nani?"

"Bado hajafa mtu. Ingia."

Alisimama kwenye mlango wa chumba cha mbele akakitazama kama mgeni. Kisha akavuka zulia, akainama kwa shida, akaweka mgongo wa mkono chini ya rejeta, halafu juu. Alikunja uso. "Juu vuguvugu, chini maiti. Tope la miaka thelathini hilo. Hii hatuioshi, tunaing'oa, tunaweka yenye sahani mbili za chuma, itoe joto zaidi. Utanisaidia kubeba?"

"Nitasaidia. Usipige magoti wewe, nionyeshe tu nifanye."

"Nikuonyeshe? Umesoma vitabu vyote vya kaunti hii, spana umeiona ukurasa wa ngapi?" Akajishusha taratibu mpaka sakafuni, akiugulia. "Magoti yangu yaliomba talaka zamani. Nimeyakatalia."

Walizima boila, wakafungulia maji ya mfumo mzima yatoke kwa mpira hadi mfereji wa uani, meusi kama kahawa iliyoungua. Wilf alilegeza nati pande zote mbili, akaziba midomo ya rejeta kwa matambara, na wawili hao wakaitoa kwa mlango wa mbele hatua kwa hatua, juu ya magazeti, yeye akisema, "Inua upande wako, inua, zulia la mama yako hilo, likiingia doa tutakwenda Skipton wote." Ile mpya ilikuwa ndefu zaidi, kwa hiyo alikata vipande vya bomba la shaba kutoka sakafuni na kuvipinda upya ili vifikie koki. Mikono yake ilitetemeka alipokuwa ameshika kikombe, lakini ilipolishika bomba ilitulia. Gaynor aliliona hilo.

Jioni walijaza maji, wakatoa hewa ndani ya rejeta kwa kifunguo kidogo, wakawasha boila. Rejeta za nyumba nzima zikalia na kupata moto. Ya jikoni haikushikika. Hii mpya, iliyong'aa kama jino, ikapata uvuguvugu juu na kukomea hapo.

Wilf akazunguka nyumba akifunga nyingine moja moja ili maji yalazimike kuja mbele. Hayakuja. Akakaa kwenye kiti cha piano, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mimi nimezeeka, binti," alisema, "ila maji hayazeeki. Maji yana sababu. Kesho nafungua sakafu."

Jumatano Wilf alifika Gaynor akiwa bado hajachana nywele. Wakakunja zulia pamoja. Kisha Gaynor akaenda kuchemsha maji ya chai, na kutoka jikoni alisikia misumari ikilia, ubao ukiinuka, na baada ya hapo kimya. Chai ikaiva. Akaimimina. Kimya kikaendelea mpaka kikamtia hofu, akakimbilia mbele akidhani mzee ameanguka.

Hakuwa ameanguka. Alikuwa amekaa sakafuni kando ya shimo, miguu ameinyoosha kama mtoto, ubao umelala mapajani mwake. Mafundi wa zamani wa kule walikuwa na desturi: kabla ya kurudisha ubao, fundi huandika kwa penseli upande wa chini jina lake, tarehe, na hali ya hewa, ili fundi atakayefungua kesho kutwa ajue nani alipita. Maandishi ya ubao ule yalikuwa safi kama ya jana.

*W. Uttley. 19 Novemba 1986. Mvua.*

"Kaa chini, Gaynor," alisema. Siku zote alimwita binti.

Akakaa.

"Unaona mabomba mawili yanapita pale? Lile la karibu ni la kwenda, linatoa maji ya moto kwenye boila. Lile la pili, shubiri moja tu pembeni yake, ni la kurudi. Rejeta inatakiwa inywe kwenye la kwenda, itapike kwenye la kurudi. Ndivyo maji yanavyopita ndani yake." Akanyoosha kidole shimoni. "Sasa tazama hii ya kwenu. Miguu yote miwili nimeifunga kwenye la kwenda. Huku la kwenda, huku la kwenda. Maji hayana sababu ya kupita humo. Yanachungulia tu, yanakwenda zao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifanya hivi anafukuzwa."

Gaynor alitazama shimoni. Mabomba yale yalifanana kama mapacha, yote yamepauka, yote yana vumbi. Asingejua kamwe. Wilf angeweza kukata na kuunga upya, akapigilia ubao, akasema tope, na yeye angemshukuru.

"Kosa si la nyumba," Wilf alisema. "Wala si la upepo. Ni langu."

Hasira ilimpanda Gaynor polepole, akashangaa jinsi ilivyokuwa na nguvu. Alimwona baba yake na glavu zile. Aliyaona magoti yake mwenyewe ya miaka kumi na tano chini ya blanketi.

"Baba alivaa koti humu ndani mpaka mwaka aliokufa," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka thelathini, Anko Wilf. Na sasa mama."

"Ndiyo." Hakujitetea. Alisema tu, "Mke wangu Beryl tulimzika tarehe kumi na nne, mwezi ule ule." Akaugeuza ubao, maandishi yakatazama chini. "Sikuambii ili unionee huruma. Nilikuwa nautazama ukuta huu na sikuwa nauona. Ukitaka mtu mwingine amalizie, sema. Nitampigia mtoto wa Barraclough, naye ni fundi, atakuja kwa heshima yangu, kama bado ninayo."

Gaynor alisimama. Saa ya ziara hospitalini ilikuwa imekaribia, na Alhamisi ilikuwa kesho.

"Malizia wewe," alisema, akachukua funguo za gari. Hakumpa chai yake. Alikumbuka akiwa njiani, na ilimuuma kuliko alivyotarajia.

Muriel alikuwa ameketishwa kitandani, mrija wa hewa puani. Gaynor alimweleza yote, la kwenda na la kurudi, na tarehe chini ya ubao. Alitegemea mama yake ashtuke. Mama yake alikunja leso yake mara mbili, akaikunjua.

"Tulijua," alisema Muriel.

"Mlijua nini?"

"Kwamba kuna mahali Wilf alikosea. Tulijua wiki ile ile. Rejeta mpya haipati moto, na wewe una akili, utasema nini? Nilimwambia baba yako, mwite. Akasema, Muriel, mtu huyu amezika mke siku tano tu zilizopita, anakuja kazini kwa sababu nyumba yake haikaliki, halafu mimi nimwambie na kazi imemshinda? Tumwache apumue. Mwezi ukapita. Mwaka ukapita. Baada ya hapo ukimwambia, atauliza kwa nini hukuniambia mwanzo. Basi tukafunga mlango."

"Na mimi nikaambiwa upepo."

"Wewe ungemwambia. Tangu mdogo ulikuwa na mdomo." Akapumua kwa shida, akangoja pumzi irudi. "Baba yako alisema, chumba kimoja baridi tunakimudu. Rafiki mwingine hatutampata."

Gaynor alirudi Colne jua likielekea kuzama nyuma ya nyika. Wilf alikuwa bado shimoni, amelala ubavu. Alikuwa amekwisha kuziba ule mguu uliokosewa na kuuhamishia kwenye bomba la kurudi, na harufu ya risasi ya kuungia mabomba iliyoyeyuka ilikuwa imejaa chumbani. Alifuta kiungo kwa tambara, akakitazama kwa tochi kila upande, kama mtu anayesoma barua asiyoiamini. Kisha akainua macho.

"Nimekuwa nikifikiri," alisema. "Edwin hakuwa mjinga. Alijua?"

Hapo Gaynor angeweza kusema hapana. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, ya upole, mepesi kama yale ya baba yake kuhusu upepo. Akayameza.

"Alijua. Wote wawili walijua, tangu wiki ya kwanza. Hawakutaka kukuongezea."

Wilf alizima tochi. Alikaa hivyo, uso wake hauonekani vizuri katika mwanga ule wa jioni.

"Miaka ishirini na moja nimekaa jikoni kwa mtu huyu," alisema hatimaye. "Nimemshinda domino, nimemtukana, nimemwambia tarumbeta yake inafukuza kondoo. Na nyuma ya mlango ule kuna kazi yangu mbovu, na yeye anaifungia kama mtu anayefungia mbwa aliyeuma. Saa mbili tu. Ingenichukua saa mbili. Huo ni wema, Gaynor, sisemi si wema. Lakini alinikalia kimya mpaka akafa, sasa nimwombe nani radhi?"

Gaynor alienda jikoni, akaleta chai, akapiga magoti sakafuni karibu naye, wakanywa wakitazama shimo.

Kabla ya kurudisha ubao Wilf alitoa penseli nyuma ya sikio. Chini ya maandishi ya zamani akaandika tena jina lake na tarehe, na baada ya kufikiri, *Baridi kavu. Imerekebishwa.* Maandishi ya zamani hakuyafuta. Walijaza maji, wakatoa hewa, na safari hii rejeta ililia kwa ndani, ikanyamaza, na moto ukaanza kushuka kutoka juu kwenda chini kama maziwa yanavyoingia kwenye chai.

Bi. Nasreen alipokuja Alhamisi kipimajoto kilisoma ishirini na mbili. Akavua skafu. "Ninyi watu mmefanyaje?" aliuliza, akaandika kwenye karatasi yake bila kungoja jibu.

Muriel aliletwa nyumbani kwa gari la wagonjwa siku ya Ijumaa, akaingizwa kwa mlango wa mbele, jambo ambalo alisema halijamtokea tangu alipokuwa bibi harusi. Wilf alikuja jioni yake kwa mlango wa nyuma kama kawaida, kisha akavuka jiko, akaketi chumba cha mbele kando ya kitanda. Gaynor aliwaacha. Kupitia mlangoni alimsikia akisema jambo kwa sauti ya chini, na mama yake akijibu, "Wee Wilf, nyamaza, gawa domino." Ijumaa zote za majira yale ya baridi zilikuwa hivyo. Muriel alifariki mwezi wa Februari, asubuhi, katika chumba kile, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake, na mikono yote miwili ilikuwa na joto.

Wilf naye hakubakiwa na muda mrefu baada ya hapo. Mabomba ya zamani yalizungushiwa vifuniko vya kijivu vya asbesto, vyenye vumbi lenye sumu, na mafundi wa ujana wake walivikata kwa mikono mitupu wakipiga mluzi. Vumbi hilo lilikuwa limekaa kifuani mwake miaka hamsini, likamsubiri. Mwezi wa Mei alilazwa. Gaynor alikwenda kumtazama kila alipotoka darasani, na mara ya mwisho alimkuta amepungua hata kofia yake, iliyowekwa juu ya kabati, ilionekana ni ya mtu mwingine.

Walizungumza kidogo. Wilf alimuuliza habari za wanafunzi, akamuuliza kama ameuza piano. Kisha Gaynor, kwa kutaka kumfurahisha, akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia majira yote ya baridi.

"Unajua mama alikuwa akilalamika joto? Januari yote. Theluji nje, yeye mguu mmoja nje ya blanketi, na dirisha nalifungua upana wa kidole. Nikitaka kupunguza koki, ananizuia. Anasema usiiguse, Wilf ameiweka mwenyewe, na usimwambie, atadhani amekosea tena."

Wilf alifumba macho. Gaynor alidhani amelala, akaanza kukusanya mkoba wake taratibu. Lakini alikuwa macho, na aliposema alisema kwa uchungu wa kweli, kama fundi aliyeitwa akiwa amechelewa.

"Mngeniambia, binti. Nusu mzunguko tu wa koki. Ningekuja siku hiyo hiyo."